Kuoanisha matabaka ya jukwaa la chokaa na mchanga wa bondeni: mwongozo kwa anayeanza

Kila likizo ya chuo inapofika, vijana wawili watatu wanaosoma jiolojia hubisha hodi nyumbani kwangu hapa Kigoma, na karibu wote huja na swali lile lile. Kisima kimoja kimepita katika mamia ya mita za chokaa na dolomaiti, ndugu ya chokaa yenye magnesiamu. Kingine, kilichochorongwa kilomita chache tu kutoka hapo, kimepita katika mchanga na tope karibu mwanzo hadi mwisho. Tabaka lipi la huku ni la wakati mmoja na lipi la kule? Nimelijibu swali hilo kwa mdomo mara nyingi mno, tena mara nyingine gizani baada ya umeme kukatika, hata nikaona afadhali niliandike.

Mifano yangu mingi inatoka katika Bonde la Delaware, lililopo magharibi ya Texas na kusini-mashariki ya New Mexico nchini Marekani. Huko miamba ya Permi, kipindi cha kale sana cha historia ya dunia, imeinuliwa na kuachwa wazi katika milima ya Guadalupe, na miamba hiyo hiyo imetobolewa na visima vingi sana vya mafuta chini ya tambarare iliyo jirani. Mtu anaweza kuuona ukuta wa jukwaa kwa macho asubuhi, na jioni akaisoma logi, yaani rekodi ya vipimo vilivyochukuliwa shimoni, ya kisima kilichopita katika matabaka yale yale. Sisi hatuna mahali pa namna hiyo, lakini mbinu za huko zinatumika popote ambapo chokaa ya kina kifupi inapakana na mchanga wa kina kirefu.

Maneno manne lazima yaeleweke mapema. Jukwaa ni sakafu pana ya bahari ya kina kifupi, ambako viumbe hutengeneza chokaa. Ukingo ni mahali jukwaa linapoishia. Mteremko ni upande unaoshuka kutoka ukingoni, na bonde ni sakafu ya kina iliyo chini ya mteremko huo. Katika Bonde la Delaware tofauti ya kina kati ya jukwaa na sakafu ya bonde ilifika mita mia kadhaa, na ukingo maarufu kuliko yote, unaoitwa Capitan, ulijengwa na sifongo, mwani na saruji ya asili iliyoganda baharini.

Nadharia utakayoihitaji haizidi aya moja. Bahari ilipopanda, jukwaa lilizalisha chokaa kwa wingi, na bonde likapata vumbi laini, mabaki ya viumbe na ndimi nyembamba za chokaa zilizoteleza kutoka juu. Bahari ilipoteremka, jukwaa lilibaki wazi au karibu wazi, uzalishaji wa chokaa ukasimama, na mchanga laini uliosukumwa na upepo kutoka nchi kavu ukalivuka jukwaa na kumwagika bondeni. Kwa hiyo kipindi kilichoacha unene mkubwa juu kiliacha unene mdogo chini, na kinyume chake. Anayetafuta tabaka nene la kufanana na tabaka nene ameshapotea kabla hajashika penseli.

Kabla ya kuanza

Kusanya logi za visima visivyopungua vitano: viwili vya jukwaani, kimoja cha ukingoni au mteremkoni, na viwili vya bondeni. Kila kisima kiwe na logi ya gama (mionzi ya asili ya mwamba), ya msongamano, ya nyutroni (hukadiria vinyweleo, yaani matundu madogo ya mwamba) na ya kipenyo cha shimo. Ukipata na ya sauti na ya fotoelektriki (jinsi mwamba unavyofyonza mionzi, ambayo husaidia kutambua madini), shukuru. Gama iliyochambuliwa kwa potasiamu, thoriamu na urani itakuokoa katika hatua ya pili, kwa hiyo iulizie hata kama hukuoneshwa. Tafuta maelezo ya vipande vya mwamba vilivyoletwa juu na tope la kuchorongea, pamoja na kora, yaani nguzo nzima ya mwamba iliyokatwa kisimani, kama ilikatwa. Tafuta pia orodha ya visukuku na kina vilipopatikana. Mstari mmoja wa picha za mitetemo (picha za matabaka zinazopatikana kwa mawimbi yanayotumwa ardhini na kurudi) unaokatiza ukingo una thamani kuliko visima vitatu zaidi.

Kwa kazi ya mezani utahitaji lenzi ya kukuza mara 10, asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa hadi asilimia 10 ikiwa na kitone chake, miwani ya kukinga macho, glovu, karatasi ndefu, rula, kifutio kizuri na penseli za rangi. Programu za kompyuta zipo, nami ninazitumia, lakini mara ya kwanza ichore kazi yako kwa mkono. Kompyuta itaunganisha chochote utakachoiambia iunganishe, bila aibu yoyote, ilhali mkono husita mahali ambapo akili ina mashaka.

Hatua za kazi

1. Weka vina vyote katika kipimo kimoja. Kina kilichoandikwa kwenye logi huhesabiwa kutoka sakafu ya mtambo, ambayo iko mita kadhaa juu ya ardhi, na ardhi yenyewe ina mwinuko wake. Toa kina hicho katika mwinuko wa sakafu ya mtambo ili upate kina kulingana na usawa wa bahari. Sisi wa Kigoma tusiichukulie hatua hii kwa wepesi, kwa kuwa uso wa Ziwa Tanganyika peke yake uko takribani mita 770 juu ya bahari. Hakikisha pia kama vina ni vya futi au vya mita, na kama kisima kilichorongwa wima au kwa kuinama. Nimewahi kuona mkato mzima, yaani mchoro wa ubavuni wa visima na matabaka yake, ukichorwa huku kisima kimoja kikiwa katika futi na vingine katika mita, na mchoraji alikuwa ameshaeleza kwa ufasaha ufa mkubwa wa ardhi uliolishusha tabaka hilo.

2. Utambue mwamba kabla ya kuupa jina. Hapa ndipo wanaoanza huteleza zaidi, hivyo nitakaa kidogo. Wamefundishwa kwamba gama ikipanda ni tope, ikishuka ni mchanga au chokaa. Katika Bonde la Delaware kanuni hiyo inaweza kukupotosha siku nzima. Mchanga mwembamba wa jukwaani, hasa ule wa Yates, moja ya matabaka ya jukwaani, una feldspa, madini yenye potasiamu, kwa hiyo gama yake hupanda kana kwamba ni tope. Dolomaiti nayo inaweza kubeba urani na kupandisha gama bila kuwa na tope lolote. Gama iliyochambuliwa humaliza ubishi: potasiamu ikiwa juu na thoriamu ikiwa chini, shuku feldspa, urani ikiwa juu peke yake, shuku dolomaiti au mabaki ya viumbe, potasiamu na thoriamu zikipanda pamoja, hapo tope lina haki ya kutajwa.

Kisha tumia msongamano na fotoelektriki kwa pamoja. Kwatzi safi, madini makuu ya mchanga, ina msongamano wa gramu 2.65 kwa sentimita ya ujazo, chokaa 2.71, dolomaiti 2.87 na anhidraiti, madini yanayobaki maji ya bahari yanapokauka, takribani 2.98. Kwa kipimo cha fotoelektriki, kwatzi ni kama 1.8, dolomaiti 3.1, na chokaa 5.1. Anhidraiti nayo iko karibu na 5.1, kwa hiyo fotoelektriki peke yake haiitenganishi na chokaa. Msongamano ndio unaoitenganisha. Kumbuka kwamba thamani hizi ni za mwamba usio na vinyweleo, na kwamba shimo lililobomoka huharibu msongamano na fotoelektriki kwa pamoja. Itazame logi ya kipenyo kwanza, kisha uamini namba.

Mwisho, rudi kwenye vipande vyenyewe. Weka tone la asidi: chokaa hutoa povu la haraka, dolomaiti hutoa povu hafifu mpaka uikwaruze iwe unga, na mchanga wa kwatzi haufanyi lolote isipokuwa kama umeshikamanishwa na chokaa. Vaa miwani. Vipande huchukua muda kupanda na tope la kuchorongea, kwa hiyo kina chake kisahihishwe kwa muda huo, na ukumbuke kwamba vipande vya juu huporomoka na kuchanganyika na vya chini.

3. Panga visima kwa mwelekeo wa mteremko. Mkato unaotoka jukwaani kwenda bondeni moja kwa moja ndio unaoonesha kila kitu. Mkato unaoandamana na ukingo hukupa chokaa tupu au mchanga mtupu, na utadhani tatizo halipo. Andika umbali halisi kati ya visima. Chora pia nakala moja ndogo isiyokuzwa wima, kwa sababu mkato uliokuzwa mara 20 huufanya mteremko wa nyuzi 3 uonekane kama wa nyuzi 46, na nimewahi kuwasikia watu wazima wakibishana juu ya ukuta uliosimama ambao haukuwahi kuwapo.

4. Chagua mstari wa msingi kwa uangalifu. Mstari wa msingi ni uso unaoulaza bapa ili kuona umbo la kale. Anayeanza huchukua kilele cha mchanga bondeni na kilele cha chokaa jukwaani, akavilaza vyote katika usawa mmoja, na kwa tendo hilo moja anaufuta mteremko wote. Laza bapa uso wa jukwaani, kwa kuwa jukwaa lilikuwa karibu bapa kwa kweli, kisha uliache bonde lining'inie chini kwa tofauti ya kina iliyokuwapo. Ukilaza uso wa bondeni badala yake, jukwaa litapanda kama mlima. Jambo hilo si kosa, mradi ujue kwamba umefanya hivyo na uliandike. Tope hubanwa sana likizikwa, na chokaa iliyoganda mapema hubanwa kidogo, kwa hiyo umbo utakalopata ni la kukadiria.

5. Oanisha jukwaa na jukwaa, bonde na bonde. Usivuke ukingo bado. Jukwaani tafuta nyuso zilizowahi kukaa nje ya maji: dalili za udongo wa kale, nyufa za kukauka, chokaa iliyomomonyolewa na mvua, na juu yake mchanga mwembamba. Kila uso wa namna hiyo hufunga mzunguko mmoja wa bahari kupanda na kushuka. Bondeni tafuta ndimi za chokaa. Katika Bell Canyon, ambayo ndiyo sehemu ya juu ya mchanga wa bondeni, zipo tano zenye majina, kutoka chini kwenda juu: Hegler, Pinery, Rader, McCombs na Lamar. Kila ulimi ni kipindi ambacho mchanga ulipungua na jukwaa likawa linafanya kazi. Zihesabu, kisha upime unene wa mchanga uliopo kati yake.

6. Tafuta mashahidi wa wakati. Shahidi bora ni majivu ya volkano, kwa kuwa huanguka siku chache juu ya jukwaa na bonde kwa pamoja. Katika Cherry Canyon, chini ya Bell Canyon, ulimi wa chokaa uitwao Manzanita una matabaka ya majivu yaliyogeuka udongo. Bondeni majivu hutulia na kuhifadhika. Jukwaani mawimbi na viumbe huyavuruga, kwa hiyo usikate tamaa ukiyapata upande mmoja tu.

Shahidi wa pili ni visukuku. Fusulinidi, viumbe vyenye umbo la punje ya mchele, viliishi katika maji ya kina kifupi. Jamii ya Polydiexodina huambatana na umri wa Capitan. Konodonti, ambavyo ni vijino vidogo vya viumbe vya baharini, hupatikana kwa urahisi zaidi katika miamba ya maji ya kina. Mwanzo wa enzi ya Capitania, takribani miaka milioni 264 iliyopita, umewekwa kimataifa katika kilima cha Nipple Hill, ndani ya ulimi wa Pinery, pale inapojitokeza kwa mara ya kwanza konodonti iitwayo Jinogondolella postserrata. Makundi haya mawili hukutana vizuri zaidi mteremkoni, na ndiyo sababu nilisisitiza upate angalau kisima kimoja cha hapo.

Onyo: fusulinidi hubebwa na maporomoko. Ulimi wa Rader una sehemu zilizojaa vifusi vya mwamba wa ukingoni, vingine vikubwa sana. Kisukuku kilichomo ndani ya kifusi kinatoa umri wa kifusi, wala hakitoi umri wa siku kifusi kilipoanguka. Katika tabaka lenye mchanganyiko, kisukuku kichanga kuliko vyote ndicho kinachokaribia ukweli.

7. Sasa vuka ukingo. Shika kanuni ya aya ile ya nadharia. Chokaa nene ya jukwaani ioanishwe na ulimi mwembamba wa chokaa bondeni. Uso uliokaa nje ya maji jukwaani, pamoja na mchanga wake mwembamba, uoanishwe na mchanga mnene wa bondeni. Kwa Guadalupe, Seven Rivers, Yates na Tansill za jukwaani kwa ujumla ni za wakati wa Bell Canyon, na Capitan ndiyo ukingo unaoziunganisha. Tansill, ya juu kabisa, hulingana na ulimi wa Lamar. Chini yake, Queen na Grayburg hufuata ukingo mkongwe zaidi uitwao Goat Seep, na wenzao wa bondeni wamo katika sehemu ya juu ya Cherry Canyon.

Anayetaka kuelewa kwa nini mstari wa wakati hauwezi kufuata aina ya mwamba aende Ujiji. Mnara wa ukumbusho wa Livingstone na Stanley upo pale walipokutana mwaka 1871, na maji ya ziwa leo yako mbali nao, kwa kuwa ziwa liliteremka baada ya njia yake ya kutokea kupitia Lukuga, upande wa Kongo, kufunguka katika miaka ile ya 1870. Mtu akichimba mashimo kutoka mnarani hadi majini, anaweza kukuta mchanga wa ufukweni katika kila shimo na kuuita tabaka moja. Lakini mchanga wa mnarani uliwekwa zamani, na wa majini unawekwa leo. Ni mwamba mmoja kwa jina, na umri wake unabadilika hatua kwa hatua. Jukwaa la Guadalupe lilifanya vivyo hivyo kwa kilomita nyingi, likisonga kuelekea bondeni, kwa hiyo Capitan ya nyuma ni kongwe kuliko Capitan ya mbele, na mistari yako ya wakati sharti iukate ukingo kwa kushuka mshazari, isiufuate.

8. Jihadhari na mtego wa anhidraiti. Huu nimeutenga kwa sababu kila mwanafunzi wangu amenaswa nao angalau mara moja. Seven Rivers ina anhidraiti upande wa nyuma wa jukwaa. Bondeni pia ipo anhidraiti nyingi, yenye mistari myembamba sana, iitwayo Castile. Logi zinafanana, na mkono hutamani kuziunganisha. Castile ni changa zaidi: ililijaza bonde baada ya Capitan kufa, ikiegemea ukuta wake kama maji yanavyoegemea ukuta wa birika. Chumvi ya Salado, iliyokuja baada yake, ndiyo iliyoenea juu ya bonde na jukwaa kwa pamoja. Ukiona mstari wako unatoka katika anhidraiti ya jukwaani na kuingia katika Castile, ufute.

9. Pima kazi yako kwa picha za mitetemo. Miakisi, yaani mistari ya mawimbi yaliyorudishwa na matabaka, hufuata nyuso za wakati kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo mteremko unapaswa kuonekana kama mikunjo inayoshuka na kukonda. Mistari yako ikiikata miakisi hiyo kwa pembe kubwa, rudi hatua ya saba. Lakini mahali mwamba unapobadilika ghafla, mwakisi unaweza kufuata badiliko hilo badala ya wakati. Ukingoni usiuamini peke yake.

10. Andika kiwango cha uhakika. Mstari wenye ushahidi wa majivu au visukuku uchorwe mzito. Wenye ushahidi wa logi tu uchorwe mwembamba. Wa kukisia uwe wa vidoti. Atakayeamua pa kuchoronga anahitaji kujua tofauti hiyo, kwa sababu mchanga wa bondeni unaokonda na kuishia mteremkoni unaweza kunasa mafuta, na mstari mmoja uliochorwa vibaya unaweza kuonesha kwamba mchanga huo umeungana na vinyweleo vya jukwaani, mahali ambapo mafuta yangekwisha kutoroka.

Mambo yakikwama

Idadi ya mizunguko jukwaani haifanani na ya bondeni. Mara nyingi huna kosa. Mzunguko mdogo wa bahari huacha alama jukwaani bila kupeleka mchanga wa kutosha bondeni, na mchanga wa bondeni hujaza mfereji mmoja ukaacha mwingine. Oanisha mizunguko mikubwa kwanza, na midogo uiache ndani yake bila kuilazimisha.

Ulimi wa chokaa unapotea katikati ya visima viwili vya bondeni. Ndimi hukonda kadiri unavyotoka kwenye mteremko. Tafuta tabaka jembamba la tope lenye gama kubwa katika kina kile kile, kwa kuwa huo ndio wakati mchanga ulipokoma. Usiunganishe na ulimi wa juu yake kwa sababu tu unene unafanana.

Mistari inapishana ukingoni. Mistari miwili ya wakati haikatani kamwe. Ikikatana, moja kati ya mambo matatu limetokea: kina cha kisima kimoja hakijasahihishwa, kisukuku kimetoka katika kifusi, au kuna ufa wa ardhi ambao hukuuona. Angalia kwa mpangilio huo, kwa sababu kosa la kina ndilo la kawaida kuliko yote na ndilo rahisi kurekebisha.

Huna kisima cha ukingoni. Acha nafasi wazi katika mchoro, andika umbali wake, na uchore vidoti. Nimeletewa mikato ambayo ukingo umepambwa kwa matofali mazuri ya rangi ya samawati, alama ya chokaa, mahali ambapo hakuna kisima hata kimoja, na kazi ya kwanza huwa ni kumwomba mwenye mchoro aniazime kifutio.

Huna data kabisa na unataka kuzoesha macho. Shuka ziwani. Ufukweni hapa Kigoma utaokota makombe ya konokono Neothauma, na ziwani, katika kina kifupi, yapo matabaka yaliyojaa makombe hayo pamoja na chokaa iliyojengwa na vijidudu, ilhali mito kama Malagarasi na Luiche hubeba mchanga na tope kuelekea vina virefu. Chora mkato wa mahali unapofikia kwa miguu, mita kwa mita, ukiandika mwamba upande mmoja na umri unaoukisia upande wa pili, kisha uje nao likizo ijayo.